Cheti cha Mazingira Hakiishii Langoni pa Mbuga

Ukimtajia mwenye lojing katika soko la Ruiri habari ya cheti cha mazingira cha hoteli, jibu atakalokupa utalisikia tena Nkubu, Chuka, Runyenjes na Embu mjini, karibu kwa maneno yale yale: hayo ni mambo ya Lewa. Ni ya kambi za mahema ambako mgeni hulipa kwa dola na kupelekwa kuona vifaru kabla jua halijapanda. Lojing ya vyumba ishirini, yenye hoteli ya nyama choma chini yake, ambayo wateja wake ni madereva, makandarasi, wasimamizi wa mitihani na maafisa wa kaunti waliokuja semina, inaingilia wapi? Haina tembo wa kulinda. Haina hata bustani. Ina leseni ya kaunti na karatasi ya afisa wa afya ukutani, na hayo yanaitosha.

Jibu hilo si la wenye lojing peke yao. Watu wa utalii wenyewe wanalo, na maafisa wanalo, na wanahabari wanaoandika kuhusu hoteli za kijani huandika wakiwa Mara au Laikipia. Ni maoni yaliyozoeleka kiasi kwamba hakuna anayeona haja ya kuyatetea. Mimi nayapinga. Nashikilia kwamba nyumba za wageni za miji midogo kama Ruiri ndizo zinazohitaji ukaguzi wa mazingira kuliko kambi zote za mbugani, na kwamba watu wa Meru na Embu, kwa jinsi walivyojifunza kuendesha majani chai yao, wana njia ya kuupata ambayo wenye kambi hawana.

Tuanze na asili ya maoni yenyewe, maana hayakutoka hewani. Chama cha utalii unaojali mazingira nchini, Ecotourism Kenya, kiliundwa mwaka 1996. Mpango wake wa kuzipima hoteli ulianza mwaka 2002, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa wa utalii wa aina hiyo duniani. Madaraja yakawekwa matatu: shaba, fedha na dhahabu. Hoteli hujaza fomu ya kujitathmini, wakaguzi huja kuona kwa macho, kisha kamati huamua. Waliokimbilia mpango huo mwanzoni walikuwa hasa wenye kambi na loji za maeneo ya wanyama, kwa sababu mawakala wa safari kutoka Ulaya ndio waliokuwa wakiuliza maswali. Mgeni wa Ujerumani alitaka kujua kama kambi anayoilipia inaumiza Wamasai au inawasaidia. Mgeni wa Ruiri hakuulizwa anataka kujua nini.

Tena jirani zetu wana sifa za kweli. Lewa, iliyo ndani ya Kaunti ya Meru, imekuwa hifadhi tangu mwaka 1995, na mwaka 2013 UNESCO iliiongeza kwenye eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya. Upande wa pili, jamii ya Il Ngwesi ilifungua loji yake yenyewe mwaka 1996, na mwaka 2002 ikatuzwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mtu aliyelelewa karibu na majina hayo lazima hoteli safi kwa mazingira aione akilini ikiwa na paa la nyasi, na tembo wakipita mbele yake. Picha hiyo ni nzuri, na walioijenga walistahili kila tuzo. Kosa ni kudhani kwamba picha ndiyo kipimo.

Kisome kipimo chenyewe. Vigezo vya kimataifa vya utalii endelevu, vile vilivyotangazwa mara ya kwanza mwaka 2008 na ambavyo leo vinasimamiwa na baraza la GSTC, vimegawanywa sehemu nne: uendeshaji wa biashara, faida kwa jamii na uchumi wa mahali, utamaduni, na mazingira. Wanyamapori na mimea wamo katika kipande cha hiyo sehemu ya nne. Kilichobaki ni maswali ambayo yangeweza kuandikwa na mama yeyote mwenye busara aliyewahi kuendesha jiko kubwa. Maji yanatoka wapi, na mnatumia kiasi gani kwa kila mgeni? Moto wa jikoni unawashwa kwa nini, na kuni zimekatwa wapi? Maji taka yanaishia wapi? Takataka anazichukua nani, na anazipeleka wapi? Wafanyakazi ni wa hapa, na wana mkataba? Nyanya na maziwa vimenunuliwa kwa jirani au vimetoka mbali? Hakuna swali hata moja kati ya hayo lisilohusu Ruiri. Ningesema zaidi: Ruiri yanauma kuliko Mara, kwa sababu kambi ya Mara ina mgeni mmoja mmoja katikati ya maelfu ya ekari, ilhali lojing ya Ruiri imebanana na kisima cha jirani, duka la jirani na shamba la jirani.

Chukua maji. Ukitoka mji wa Meru ukiteremka kuelekea Isiolo kwa njia ya Ruiri, mwendo mfupi tu unakutoa kwenye migomba na mibuni na kukuingiza kwenye migunga na vumbi jekundu. Huu ni upande ambao mlima huutupia mvua chache. Mito ya kaskazini mwa Mlima Kenya imegombaniwa kwa miaka mingi: juu kuna wakulima wa umwagiliaji na mashamba makubwa ya maua na mboga ya Timau, chini kuna wafugaji hadi Samburu, na kila kiangazi kila mmoja humtazama mwenzake wa juu kwa jicho la shaka. Vyama vya watumiaji wa maji vilianza kuundwa katika bonde la juu la Ewaso Ng'iro katika miaka ya 1990, kabla hata Sheria ya Maji ya mwaka 2002 haijavitambua, kwa sababu watu walichoka kupigana. Katika ugomvi huo lawama humwangukia mwenye pampu shambani. Mwenye nyumba ya wageni hutajwa mara chache, kana kwamba maji ya chooni hutoka mto mwingine.

Hebu tupige hesabu ya kawaida, isiyohitaji mtaalamu. Lojing ya vyumba ishirini ikijaa wageni wawili wawili ni watu arobaini. Kila mmoja akivuta maji ya choo mara tano kwa siku, na tangi likiwa la zamani linalomwaga lita tisa kila mara, zimekwenda lita 1,800. Weka tangi la vitufe viwili, linalomwaga lita tatu kwa haja ndogo na sita kwa haja kubwa: mgeni yule yule, akivuta mara nne kidogo na mara moja kikubwa, atatumia lita 18 badala ya 45. Jumla ya siku inashuka hadi lita 720. Tofauti ni lita 1,080, yaani mitungi 54 ya lita ishirini, kwa siku moja, katika jengo moja, bila mgeni kuona amenyimwa kitu. Mtu wa Ruiri anajua mitungi 54 ni nini. Anajua inabebwa na punda wangapi na bei yake ikoje mwezi wa Septemba, bauza la maji linapokuwa ndilo tegemeo.

Kisha tazama juu. Bati la mita za mraba 200, mvua ikinyesha milimita 20, hupokea lita 4,000. Ukiacha zinazopotea kwa kumwagika na kwa kuvukiza, lita 3,000 na ushei zinaweza kuingia tangini kwa mvua moja ya jioni. Majengo mangapi ya ghorofa katika miji yetu yana mifereji inayopeleka maji hayo tangini, na mangapi huyamwaga barabarani yakachimba korongo mbele ya maduka? Kisiwani Chumbe, Zanzibar, ambako hakuna maji baridi hata tone, mabanda ya wageni yalijengwa tangu mwanzo yakiwa na paa la kukinga mvua, tangi chini ya sakafu, na vyoo vya mboji visivyotumia maji. Mradi ule ulisifiwa dunia nzima, na mwaka 2000 ukaingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Wageni hulipa fedha nyingi kulala pale. Ninapousoma mpango wa nyumba zile naona akili ile ile ya bibi wa nyanda kavu za Meru aliyeweka pipa chini ya ukingo wa bati. Kitu kimoja, kule kinaitwa ubunifu, huku kinaitwa shida. Mwenye lojing anapojenga ghorofa yake huliondoa lile pipa kwa sababu linamwaibisha, na hapo ndipo tunapopotea.

Nikizungumzia maji safi bila maji taka nitakuwa nimesema nusu. Mji mdogo usio na mtandao wa mabomba ya maji taka hutegemea matangi na mashimo yaliyochimbwa nyuma ya majengo. Shimo likijaa huitwa gari la kunyonya, na gari likishaondoka, wachache huuliza limemwaga wapi. Shimo likiwa limechimbwa karibu mno na kisima, au halina saruji ndani, uchafu hauhitaji gari: huenda wenyewe chini kwa chini. Sheria ipo. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, ina mamlaka juu ya maji taka na juu ya ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka. Lakini mwenye biashara ndogo humwona afisa wa serikali kama mtu wa kumkwepa, na afisa ana eneo kubwa kuliko magari yake. Mkaguzi wa cheti huja kwa mlango mwingine, kwa sababu ameitwa. Mwenye lojing anataka aingie, anataka aone, na anajua kwamba kasoro itakayopatikana itampa muda wa kuirekebisha kabla ya kumletea faini. Tofauti hiyo ya mlango ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Jikoni nako kuna habari. Maharagwe na githeri huchemka kwa saa nyingi, supu ya mifupa hulala motoni, maji ya kuogea ya wageni huchemshwa kwa pipa pale umeme unapopotea. Februari mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na katazo hilo likadumu miaka mitano. Moto wa hoteli zetu haukuzimika siku hata moja. Kuni na makaa viliendelea kuja, na kama havikutoka msituni vilitoka kwenye mashamba na kwenye migunga ya nyanda za chini, ambako mti unaokatwa leo mtoto wako ndiye atakayeuona umekua. Jiko lililojengwa vizuri kwa matofali, lenye chemba ya moto iliyofungwa na bomba la moshi, hupunguza kuni kwa kiasi kikubwa na kumwondolea mpishi moshi machoni. Mtambo wa kuchemshia maji kwa jua juu ya paa, hapa karibu kabisa na mstari wa ikweta, hauhitaji kutetewa. Hivi vyote ni vitu ambavyo cheti huviuliza.

Watu husema, tena kwa hoja inayoonekana nzito, kwamba lojing ndogo hutumia kidogo. Mgeni wake huoga kwa ndoo, hana kiyoyozi, taulo lake halifuliwi kila asubuhi. Mwacheni, husema, mkamkague mwenye bwawa la kuogelea. Nakubali nusu ya kwanza. Ukipima kwa mgeni mmoja, nyumba nyingi za kulala za miji yetu zinatumia maji na umeme kidogo kuliko kambi zenye nishani. Hili ni jambo la kuwakera wapimaji wenyewe, kwa sababu mfumo wa vyeti hupenda makaratasi: sera ya mazingira iliyochapishwa, afisa wa mazingira aliyeajiriwa, ripoti yenye michoro. Kambi kubwa ina mtu wa kuandika hayo yote. Lojing ya Ruiri ina karani mmoja anayegawa funguo na kupokea M-Pesa. Kwa hiyo kambi hupata alama kwa kile ilichoandika, na lojing hukosa alama kwa kile inachofanya. Hilo ni kosa la kipimo, na dawa yake ni kuyapa uzito zaidi maji yaliyotumika kwa kila mgeni na kuni zilizochomwa kwa kila sahani, kuliko faili.

Nusu ya pili siikubali. Kidogo mara nyingi si kidogo. Kambi za eneo zima la Lewa zinahesabika kwa vidole, ilhali nyumba za kulala na hoteli za kula kutoka Embu kupanda Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru, kuteremka Ruiri, kugeuka Maua na kurudi Timau, hakuna aliyezimaliza kuzihesabu. Tena zinaongezeka. Isiolo imekuwa njia panda ya kaskazini, uwanja wake wa ndege umekanyaga ardhi ya kaunti za Isiolo na Meru, na wasafiri wa Samburu, Buffalo Springs na Shaba hupita humu humu. Jengo linalosimama leo litakuwa na mabomba yale yale kwa miaka arobaini. Kulirekebisha likiwa kwenye ramani ni kazi ya kalamu. Kulirekebisha likishasimama ni kubomoa ukuta.

Nchi hii ilishawahi kupata somo juu ya nani hasa anayebeba mzigo wa mazingira. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya nzima. Aliyebadilisha mwenendo wake asubuhi ile ni mama mboga, mwenye duka la rejareja, mchuuzi wa ndizi sokoni Ruiri. Hawakuwa na cheti wala mshauri, na walibadilika. Kisha tarehe 5 Juni 2020 likaja katazo la pili, la chupa, sahani na vijiko vya plastiki vya kutumiwa mara moja, na safari hii mstari ulichorwa kwenye lango: ndani ya mbuga, fukwe, misitu na maeneo ya hifadhi. Nje ya lango, endeleeni. Nalielewa kusudi lake, lakini matokeo yake kifikra yalikuwa mabaya, kwa sababu yalithibitisha yale maoni ninayoyapinga: kwamba usafi wa nchi ni kwa ajili ya pale anapofika mtalii. Gari la watalii linaloingia Hifadhi ya Taifa ya Meru bila chupa moja ya plastiki limepita miji ambayo mitaro yake imezibwa na chupa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imerudi kwenye njia sahihi kwa kumtaka kila mmoja, mwenye kampuni kubwa na mwenye biashara ndogo, kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Ipo vitabuni. Kinachokosekana ni mtu wa kupita nyuma ya hoteli na kutazama mapipa ni mangapi.

Sasa kuna wanaopinga kutoka upande mwingine kabisa. Hawa husema vyeti vyote ni rangi ya kijani iliyopakwa juu ya uchafu, na wana ushahidi. Mwezi Machi 2024 kampuni ya Booking.com iliiondoa alama yake ya usafiri endelevu kwenye kurasa za hoteli, baada ya mamlaka ya Uholanzi ya kulinda watumiaji kuona kwamba ilikuwa inaweza kuwapotosha wateja. Alama ile ilitegemea sana yale ambayo hoteli zilijisemea zenyewe. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo la mwaka 2024 linaloanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, unakataza kumwonyesha mteja alama ya uendelevu ambayo haitokani na mfumo wa uthibitishaji au mamlaka ya umma. Neno tupu la kujisifu halitaruhusiwa tena.

Wenye shaka wanasoma habari hizi kama kifo cha vyeti. Mimi nazisoma kinyume. Kilichoanguka ni kujipa alama mwenyewe. Kilichobaki, na ambacho thamani yake imepanda, ni jicho la mtu wa nje anayeingia jikoni bila kuongozwa. Na jicho kali kuliko yote ni la jirani wa kazi hiyo hiyo. Mkaguzi anayetoka Nairobi mara moja kwa muda mrefu anaweza kuonyeshwa pipa jipya lililonunuliwa jana. Mwenye lojing ya pili mtaani hawezi kuonyeshwa hivyo. Anajua gari la kunyonya huja lini na hupita njia gani.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hoja ya gharama, ambayo ndiyo inayotajwa kwa sauti kubwa zaidi, na ambayo kwa watu wa Meru na Embu ndiyo dhaifu kuliko zote. Husemwa kwamba ada ya ukaguzi, safari ya mkaguzi na kazi ya maandishi havimudiki kwa mtu mwenye vyumba ishirini. Kweli, akiwa peke yake. Lakini nani aliwaambia wawe peke yao? Mkulima wa chai wa Githongo, Kionyo, Imenti au Michimikuru, na mwenzake wa Mungania au Rukuriri kule Embu, ana shamba ambalo pengine halifiki ekari moja. Mwaka 2007 kampuni ya Unilever ilitangaza kwamba itanunua kwa ajili ya Lipton chai iliyothibitishwa na Rainforest Alliance, na katika miaka iliyofuata viwanda vya KTDA, ambavyo hupokea majani ya wakulima zaidi ya 600,000, vikaingia katika mfumo huo. Ingedhaniwa haiwezekani. Mtaalamu gani angeweza kuzuru mashamba laki sita?

Hakuzuru. Kiwanda ndicho kilichobeba cheti, kwa kundi. Wakulima walifundishwa kwa makundi, wakapatikana viongozi kati yao, ukaguzi wa ndani ukafanywa na watu wa kiwanda na wakulima wenyewe, na mkaguzi wa nje akaja kupima sampuli. Kwa kawaida sampuli ya namna hii hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama: wanachama 400, yanakaguliwa mashamba 20. Mkulima mmoja akikutwa amenyunyiza dawa ukingoni mwa mto, kundi zima liko hatarini, na kwa hiyo jirani yake ndiye atakayemwambia kabla ya mkaguzi hajafika. Watu wengi wa Meru na Embu wanaoendesha lojing leo ni watoto wa wakulima hao, au bado ni wakulima hao. Ndani ya nyumba moja utamkuta mzee ambaye shamba lake la chai liko chini ya cheti cha kimataifa, na mwanawe mwenye nyumba ya wageni anayesema vyeti ni vya wazungu.

Weka lojing 25 kutoka Meru hadi Isiolo katika chama kimoja. Kwa kanuni ile ile mkaguzi wa nje atazuru tano. Ada ikigawanywa kwa watu 25, imekuwa gharama ya magodoro machache. Njia nyingine, rahisi zaidi, inajulikana na wakulima wa mazao yasiyotumia kemikali: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha kilimo hicho mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, na mkulima mdogo anaruhusiwa kuthibitishwa kwa mfumo ambao wakulima hukaguana wao kwa wao mbele ya wanunuzi wao. Hakuna sababu ya kimaumbile inayozuia vitanda kufuata njia iliyofuatwa na sukumawiki. Na katika nchi ya Njuri Ncheke, ambako baraza la wazee limewabana watu kwa makubaliano yao tangu kabla ya mkoloni, sioni kwa nini wazo la wenye kazi moja kukaguana lionekane geni.

Mwisho husemwa mteja wa hapa hajali. Anataka kitanda, maji ya moto na maegesho yenye askari. Sidhani waliosema hivi wamemsikiliza. Mteja wa hapa hukasirika maji yakikatika akiwa na sabuni kichwani. Huhama lojing kwa sababu ya harufu ya choo. Huuliza nyama imetoka wapi. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga anga na watalii wakapotea, waliozirudisha hoteli za Kenya kwenye miguu yake ni Wakenya, na wengi walirudi nyumbani wakijua kutofautisha. Ongeza mashirika yanayokodi kumbi Meru na Isiolo kwa semina za ukame, mifugo na lishe. Mengi yana sera za mazingira katika manunuzi yao, na kila mwezi yanatafuta ukumbi ambao yanaweza kuuandika kwenye ripoti bila aibu. Yakikosa mjini huenda kwenye loji za mbugani, na fedha za chai na mandazi zinakwenda nayo.

Kazi iliyobaki si ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliziachia kaunti leseni za biashara, utalii wa mahali, huduma za maji na usafi, na uzoaji wa taka. Nyuzi zote nne ziko katika mkono mmoja. Kaunti ya Meru ingeweza, kuanzia Januari ijayo leseni zinapohuishwa, kuongeza ukurasa mmoja kwenye fomu ya nyumba za kulala: usomaji wa mita ya maji kwa mwaka uliopita na idadi ya wageni waliolala, aina ya moto wa jikoni, mahali tangi la maji taka lilipo na tarehe liliponyonywa mwisho, na nani huchukua taka. Anayejaza kwa ukweli na kukubali kukaguliwa na wenzake watano apunguziwe ada ya leseni. Baada ya miaka miwili ya kurasa hizo chama cha wenye lojing kitakuwa na kumbukumbu ambazo kambi nyingi zenye dhahabu hazina, na kitakuwa na haki ya kuwaita Ecotourism Kenya waje na kipimo kinachowafaa, daraja la shaba lililoandikwa kwa ajili ya jengo la ghorofa lililo sokoni. Ruiri ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa pale maji yakipotea kila mtu hujua siku hiyo hiyo.